Nani alikuchanja, na kwa nini: maana ya chale katika jamii za Afrika

Mtu akikutana na mzee mwenye chale usoni, swali linalomjia kwanza ni moja tu: huyu ni kabila gani? Mara nyingi jibu hupatikana, na ndiyo maana swali limezoeleka. Mnuer hujulikana kwa mistari ya paji la uso, Mmakonde kwa nembo zake, Myoruba kwa mikato ya mashavuni. Ila anayeishia hapo amesoma anwani juu ya bahasha akaiacha barua ndani. Watu wanaoishi kijiji kimoja hawana haja ya kukumbushana kabila lao kila asubuhi. Walichotaka kujua kutoka kwenye ngozi ya mwenzao kilikuwa kingine: ameshafika hatua gani ya maisha, nani alimchanja, nani aligharamia, na sasa anastahili kutendewa vipi. Kabila lilikuwa sehemu ndogo ya ujumbe, na katika visa vingi lilipata umuhimu pale tu mtu alipong'olewa kwao na kutazamwa na wageni.

Tuanze na ngozi yenyewe, kwa sababu mengi yanategemea namna inavyopona. Fundi anayetaka kovu lililoinuka hunasa ngozi kwa mwiba au ndoana ndogo ya chuma, akaivuta juu, kisha akaikata kwa kijembe. Kadiri anavyoivuta ndivyo kovu litakavyosimama. Jeraha likisuguliwa majivu, masizi au utomvu wa mmea hukawia kufunga, na mwili hujibu kwa kuotesha nyama ya ziada mahali pale. Ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa wa kuotesha makovu ya namna hiyo, na wino hauonekani juu yake kama unavyoonekana juu ya ngozi nyeupe. Basi husemwa kwamba ndiyo sababu Waafrika walichanja wakati wengine walichora. Kuna ukweli hapo, lakini hautoshi. Wamakonde walichanja, kisha wakasugua masizi ndani ya mikato mpaka ikapata weusi unaokaribia buluu, yaani walifanya yote mawili kwa mpigo. Wayoruba walipendelea mikato iliyozama mashavuni. Kwingine vinundu viliinuliwa makusudi ili vidole viviguse. Kila jamii ilichagua kovu lake, na uchaguzi huo una mengi ya kusema kuliko aina ya ngozi.

Paji la uso la Mnuer

Chale za Sudan Kusini ni miongoni mwa zile zilizopigwa picha na kuandikwa sana, na ndizo zinazoeleweka vibaya kwa urahisi. Kijana wa Kinuer huchanjwa mistari sita sambamba kwenye paji la uso, kutoka upande wa sikio moja hadi la pili. Wenyewe huiita gaar. Majirani zao wana mitindo yao: Washilluk huweka safu ya vinundu juu ya nyusi, na Wadinka wengi huwa na mistari inayokutana katikati ya paji mfano wa herufi V. Mgeni akishajifunza hayo hudhani amemaliza somo.

Kwa Mnuer mwenyewe, gaar ilimtenga na utoto kabla ya kumtenga na Mdinka. Kijana alilala chali, akakatwa bila kutikisika wala kulia, na alipoinuka alikuwa mwanamume. Tangu siku hiyo hakuruhusiwa tena kukamua ng'ombe, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wanawake na watoto. Alipewa maksai wake, na kutokana na rangi na umbo la maksai huyo akapata jina ambalo wenzake wangemwita na ambalo angelitaja mwenyewe katika nyimbo zake. Waliochanjwa katika miaka ileile walikuwa rika moja, na rika liliamua mambo mengi: nani amwonee haya nani, nani ale na nani, hata nani asiweze kumwoa binti wa nani, maana binti wa mtu wa rika lako ni kama mwanao.

Kwa hiyo ndani ya mistari ile sita kulikuwa na wakati, mali, marufuku ya kazi na orodha ya watu waliotokwa damu msimu mmoja. Anayeziona anajua namna ya kuzungumza nawe kabla hujafungua kinywa. Kutokuwa nazo pia kulikuwa na maana. Mwanaanthropolojia Sharon Hutchinson, aliyefanya utafiti kwa Wanuer katika miaka ya 1980 na 1990, alikuta kundi jipya limezaliwa: wanaume waliokwepa gaar kwa sababu ya shule, mji au vita, wakaoa, wakazaa, ilhali kwa kanuni ya zamani walikuwa bado wavulana. Jamii ililazimika kuwatafutia jina, ikawaita wavulana-mafahali. Naliona jina hilo kama ushahidi mzuri kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Ingekuwa gaar ni beji ya kabila tu, mwenye kuikosa angeonekana mgeni. Yeye aliendelea kuwa Mnuer asiye na shaka. Kilichokosekana ni utu uzima.

Ngozi ya mwanamke na hatua za maisha

Kwa wanawake, katika jamii nyingi, chale hazikuwa tukio la siku moja. Zilikuwa mfululizo uliokwenda na mwili. Kwa Wanuba wa upande wa kusini mashariki wa milima ya Nuba, nchini Sudan, msichana alichanjwa mara tatu. Mara ya kwanza ni matiti yanapoanza kuota, na mikato ilitoka kitovuni kupanda kifuani. Mara ya pili ni akivunja ungo. Mara ya tatu, kubwa na yenye maumivu kuliko zote, ilisubiri mpaka amwachishe ziwa mtoto wake wa kwanza; ndipo mgongo, mikono na miguu vilipojazwa vinundu vidogovidogo kwa safu. Kwa desturi yao mke na mume hawakulala pamoja mtoto akiwa bado ananyonya, hivyo chale za tatu zilitangaza kwamba kipindi hicho kimekwisha. Mama wa namna hiyo alitembea na habari za uzazi wake mgongoni, na kijiji kizima kiliweza kuzisoma.

Kaskazini mashariki mwa Nigeria, Waga'anda waliunganisha chale na mahari. Mpangilio wao uliitwa hleeta. Binti alianza akiwa na miaka mitano au sita, kwa mikato michache karibu na kitovu, akaendelea hatua kwa hatua hadi karibu na kuolewa. Kila hatua ilikwenda sambamba na vitu na kazi ambazo upande wa mchumba ulipaswa kutoa. Chale zikikamilika, mahari nayo imekaribia kukamilika, na wanawali walitolewa hadharani waonekane. Makubaliano ya koo mbili yaliandikwa juu ya mwili wa mtu wa tatu ambaye hakuulizwa. Michoro yenyewe ni mizuri ajabu, safu ndogondogo zilizopangwa kwa usawa ambao mchoraji yeyote angeuonea wivu. Pana uzuri hapo na pana ukali, na mimi sijui njia ya haki ya kusimulia kimoja nikaacha kingine.

Wativ, wanaoishi kandokando ya mto Benue, wanavunja dhana nyingine, ile ya kwamba mila hizi zilisimama palepale tangu enzi na enzi. Mwanaanthropolojia Paul Bohannan, aliyeishi nao mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza jinsi kila kizazi kilivyokuwa na mtindo wake. Wazee sana walikuwa na vinundu vikubwa vya duara usoni; waliowafuata walikuwa na michoro mingine, na vijana wa wakati ule walikuwa na yao, wakiiona ya babu zao kuwa imepitwa na wakati. Mtu aliweza kukisia umri wa mwenzake kwa kumtazama tu. Hiyo ni fasheni, kwa maana kamili ya neno, na inabadilika kama fasheni yoyote. Bohannan aliwauliza pia habari za maumivu. Jibu alilopata ni kwamba bila shaka inauma, na kwamba hakuna msichana ambaye angemtazama mwanamume ambaye makovu yake hayakumgharimu maumivu. Uzuri uliopatikana bure haukuwa na thamani machoni pao.

Kisha kuna kuguswa. Picha zimetuzoesha kufikiri kwamba chale zilikuwa za macho, kwa sababu kamera haina vidole. Waluba wa kusini mashariki mwa Kongo waliinua vinundu tumboni na kiunoni mwa wanawake, mahali panapofunikwa na nguo na pasipoonwa na kila mpita njia, na mume ndiye aliyevijua kwa mkono wake. Vilikuwa sehemu ya mapenzi ya ndoa. Wachongaji wao waliweka michoro hiyohiyo kwenye sanamu za wanawake zinazobeba viti vya watawala na kupamba fimbo za enzi, kwa kuwa waliamini mwili wa mwanamke uliochanjwa ndio wenye uwezo wa kuhifadhi siri na roho ya ufalme. Waluba haohao walikuwa na lukasa, ubao mdogo wenye shanga na vinundu ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupapasa, huku wakisimulia historia ya wafalme. Ngozi na ubao vilisomwa kwa njia moja. Kwa watu hao kumbukumbu ilikuwa na mahali pa kuwekwa kidole.

Hadhi, tiba na watoto wanaorudi

Si kila chale ilikuwa ya kila mtu. Kwa Waigbo, mikato ya ichi iliyofunika paji la uso ilikuwa ya wanaume wenye vyeo au waliotoka katika nyumba za wenye vyeo. Ni desturi ya kale: vichwa vidogo vya shaba vilivyofukuliwa Igbo-Ukwu, ambavyo wanaakiolojia huvipeleka karne ya 9, vina uso uliojaa mistari inayofanana nayo. Olaudah Equiano, katika simulizi ya maisha yake iliyochapishwa London mwaka 1789, alieleza kwamba baba yake alikuwa na alama hiyo na kwamba yeye mwenyewe alitarajiwa kuipata. Kwa maelezo yake, alitekwa kabla ya wakati wake. Huko kusini mwa Ethiopia, kwa Wakaro, makovu ya kifuani yalikuwa ya mwanamume aliyeua adui au mnyama mkali.

Kundi jingine halikukusudiwa kusomwa na binadamu. Chale za tiba msomaji wa Kiswahili huenda anazijua kwa karibu: mikato miwili mitatu mifupi kwenye paji, kifuani au kwenye viungo, dawa ikasuguliwa ndani. Kazi yake ni kufungua mlango wa dawa au kuweka kinga. Hazina mchoro wala hazihitaji fundi mwenye jicho la sanaa. Anayezichukua kuwa nembo za ukoo amekosea aina.

Wayoruba wana kisa kinachogusa sana. Mama akizaa watoto wanaokufa mmoja baada ya mwingine, iliaminika kwamba ni mtoto yuleyule anayekuja na kuondoka, humwita abiku. Mmoja akifa aliweza kutiwa alama, ili akirudi atambulike, au ili wenzake wa ulimwengu wa roho wamkatae na yeye akate tamaa ya kwenda. Aliyezaliwa baadaye alipewa jina la kumbembeleza, mfano Malomo, maana yake usiende tena. Kabla ya chanjo na dawa za malaria, vifo vya watoto vilikuwa jambo la kila nyumba, na chale hizo zilikuwa jitihada ya mzazi aliyeishiwa njia. Mtu mzima anayetembea leo na kovu la abiku amebeba msiba wa mama yake, na swali la kabila halina nafasi hapo.

Wamakonde na hadithi ya watumwa

Kuna maelezo yanayozagaa kuhusu Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji: kwamba walijichanja uso na kutoboa mdomo wa juu ili wawe wabaya machoni pa wafanyabiashara wa utumwa na hivyo waachwe. Hadithi hiyohiyo, bila kubadilisha kitu zaidi ya jina la kabila, husimuliwa kuhusu sahani za midomo za Wamursi wa Ethiopia. Ni kweli kwamba misafara ya kwenda Kilwa iliharibu nchi ile yote, na kwamba uwanda wa Makonde ulikuwa kimbilio. Lakini siamini maelezo haya, na sababu yangu iko miilini mwa wanawake wa Kimakonde. Nembo nzuri kuliko zote zilikuwa tumboni, kiunoni na mapajani. Mjusi alichorwa huko kwa ajili ya uzazi na mvuto, mahali ambapo mfanyabiashara hakupaona. Hakuna anayejiharibu kwa kujipamba mahali pa siri.

Ushahidi mwingine umo katika vinyago. Wachongaji wa barakoa za mapiko walibandika vipande vya nta juu ya mti ili kuonyesha nembo za uso, mstari kwa mstari, na ndonya, pambo la mdomo wa juu. Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka nchi hiyo mwaka 1906, alirudi na picha na michoro ya nembo nyingi za uso na mwili. Watu wanaoona alama kuwa ubaya hawaziweki juu ya mababu wanaocheza ngoma ya jando na unyago. Nembo zilikatwa na fundi aliyelipwa, kwa vipindi, na aliyekimbia katikati ya kazi alibaki na mchoro nusu maisha yake yote, kila mtu akiuona.

Hadithi ya watumwa inavutia kwa sababu inatupa sababu ambayo mtu wa leo anaielewa haraka. Kwamba watu waliona wamependeza ni jambo gumu zaidi kukubali.

Jinsi chale zilivyogeuzwa kitambulisho

Utumwa una nafasi katika habari hii, ila mahali pengine. Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, manowari zake zilianza kukamata meli baharini na kuwashusha watu Freetown, Sierra Leone. Makarani waliwaandika katika madaftari makubwa: jina, jinsia, umri, urefu, na alama za mwili. Ng'ambo ya bahari, matangazo ya watumwa waliotoroka katika magazeti ya visiwa vya Karibi na Marekani yalitaja chale za usoni ili mtoro atambulike. Karani na bwana hawakuweza kuona rika, mahari wala msiba. Waliona mistari mitatu shavu la kushoto, wakaandika mistari mitatu shavu la kushoto.

Kwa Wayoruba jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee. Dola ya Oyo ilipoporomoka katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, vita vilitawanya watu kwa maelfu. Mitindo kama pele, mistari mitatu mifupi ya wima shavuni, au abaja, mistari ya mlalo iliyopangwa kwa makundi, ilionyesha mji na ukoo, na katika vurugu hizo iliweza kumsaidia mtu kutambua ndugu katika kundi la wageni. Hapo kitambulisho kilikuwa msaada kweli.

Kisha ikaja upande wa pili. Vita vilipozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, mashuhuda walieleza jinsi Wanuer walivyotafutwa nyumba kwa nyumba, wengine wakijulikana kwa lugha, wengine kwa paji la uso. Alama iliyomfanya mtu kuwa mwanamume mbele ya rika lake ikawa hukumu ya kifo mbele ya mtu mwenye bunduki. Mistari haikuwa imebadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni msomaji.

Kwa nini zimetoweka, na zipi zimebaki

Chale za sherehe zimepungua karibu kila mahali, na sababu hazikuja kwa mpigo. Dini zilitangulia: Uislamu unakataza kugeuza umbile kwa mapambo ya kudumu, na Mambo ya Walawi 19:28 inakataza kujichanja kwa ajili ya wafu na kujitia alama mwilini. Shule na kazi za mjini zikafuata, ambako kijana mwenye nembo alichekwa. Harakati za ukombozi nazo ziliingia. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoanza vita mwaka 1964 na kuwa na ngome katika uwanda huohuo wa Makonde, ilizikatisha tamaa nembo kwa kuwa ilitaka Wamsumbiji, na ilitilia shaka kila kilichotenganisha makabila. Mwisho likaja suala la afya: wembe mmoja ukipita kwa watu wengi hubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na jeraha lililopakwa udongo au majivu huweza kuleta pepopunda.

Sheria zimechelewa kufika na zimekuja kwa mkono mpana. Sheria ya Haki za Mtoto ya Nigeria ya mwaka 2003 inakataza mtu kumtia mtoto alama ya ngozi, kwa adhabu ya faini isiyozidi naira 5,000 au kifungo kisichozidi mwezi mmoja, au vyote viwili. Lakini kila jimbo linatakiwa kuipitisha lenyewe. Mwaka huohuo Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake, katika ibara ya 5, ilizitaka nchi za Afrika kupiga marufuku uchanjaji wa chale, na ikauweka katika kifungu kimoja na ukeketaji. Kumlinda mtoto naunga mkono bila kusita. Mtoto mchanga hana namna ya kukubali uso atakaokuwa nao akiwa na miaka hamsini, na wapo watu wazima wa Nigeria wanaosumbuliwa hadi leo kwa mikato waliyowekewa wakiwa wachanga. Kuuweka uchanjaji pamoja na ukeketaji ndiko ninakokupinga. Ukeketaji humwondolea mwanamke kiungo na kumletea madhara ya uzazi maisha yote. Chale alizotaka mwanamke mzima mwenyewe tumboni mwake ni jambo la aina nyingine kabisa, na sheria isiyotofautisha haya mawili humfanya bibi mwenye nembo aonekane ushahidi wa kosa.

Zilizobaki hai ni zile ambazo sheria na watalii hawazioni. Nembo za uwanda wa Makonde zinakwisha pamoja na wazee waliozibeba, na waliojua kuzikata wametangulia. Chale za mganga, ndogo na za haraka, zinaendelea kuchanjwa mjini na vijijini, kwa watu waliosoma na wasiosoma, watoto wakiwemo. Kwa hizo, jambo la kuuliza kabla ya dawa yoyote ni kama wembe umefunguliwa mbele yako.